Daktari kaniambia "kunywa maji mengi". Mengi ni kiasi gani? Nimeamua kupima mwenyewe

Mchomeleaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, Mbagala. Miaka 38, kilo 71. Mwezi wa tatu nilishikwa na maumivu ya ubavu wa kushoto yakashuka hadi kinenani. Anayeyajua maumivu ya jiwe la figo hahitaji kusimuliwa, na asiyeyajua aendelee kumshukuru Mungu. Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya karakana, kinga ya macho ikiwa bado usoni, vijana wangu wakadhani nimepigwa shoti. Ultrasaundi ikaonyesha jiwe la milimita 5. Likatoka lenyewe baada ya siku tisa ambazo sitaki kuzikumbuka.

Siku ya kurudi kliniki daktari akaniambia "kunywa maji mengi". Nikauliza mengi kiasi gani. "Mengi tu, mengi." Foleni nje ilikuwa ndefu, simlaumu. Lakini mimi ni fundi. Mteja akiniambia nimtengenezee geti kubwa siendi kukata chuma, natoa futi kwanza.

Nimeulizia mtaani. Mke wangu anasema glasi nane. Kijana wa mazoezi anasema kilo zako zidisha kwa kitu fulani. Shemeji anasema lita mbili asubuhi kabla hujapiga mswaki. Mama anasema kunywa ukisikia kiu, mambo mengine ni ya watu wasio na kazi. Hawa wote wanne hawawezi kuwa sahihi kwa pamoja. Mwenye hesabu ya kueleweka aje.

Kiti cha Mbele

Nimekaa paleee na dumu langu la lita tano.

Kifua Chuma

Mkuu hesabu yenyewe nyepesi. Kilo zako mara mililita 35. Wewe 71 × 35 = 2,485. Piga lita mbili na nusu kila siku, maisha yanaendelea. Uzi ufungwe.

Bi Mkubwa wa Tandika

Glasi nane jamani, hiyo ipo tangu tukiwa shule. Mnachohesabu kilo ni kama mnauza nyama.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Uzi usifungwe.

Nianze na glasi nane, maana kila zamu naulizwa. Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu za maji kwa siku. Sentensi iliyofuata ilisema sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo kwenye chakula. Watu wengi wanaamini glasi nane zilizaliwa hapo: sentensi ya kwanza ikasafiri dunia nzima, ya pili ikaachwa stendi. Mwaka 2002 profesa mmoja wa mambo ya figo, Heinz Valtin, alipekua maandishi ya kitaalamu akitafuta ushahidi wa hizo glasi nane kwa mtu mwenye afya. Hakuuona.

Halafu glasi ipi? Kwangu kuna bilauri ya mililita 200 na kikombe cha plastiki cha nusu lita, na vyote tunaviita "glasi ya maji".

Takwimu zinazotumika sasa ni hizi. Wamarekani mwaka 2004 walisema lita 3.7 kwa mwanaume na 2.7 kwa mwanamke. Mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2010 ikasema 2.5 na 2.0. Msishtuke na kukimbilia ndoo: hayo ni maji YOTE, ya kunywa, chai, uji, mchuzi, tikiti, hadi yaliyomo kwenye ugali. Chakula peke yake huleta kama moja ya tano. Na hizo ni namba za kupangia lishe ya watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake na akawa mzima kabisa.

Sasa mkuu Mchomeleaji, wewe si "watu wengi". Una jiwe. Miongozo ya madaktari wa mkojo wa Marekani inasema mtu aliyewahi kupata mawe anywe kiasi cha kumfanya akojoe angalau lita 2.5 kwa siku. Soma tena: AKOJOE, siyo anywe. Kwa hiyo hesabu yako unaianzia kwenye mkojo unarudi nyuma kwenye kikombe.

Swali kabla hujaanza: kipimo cha figo kilikuwaje? Una shida ya moyo? Unatumia dawa za presha?

Mchomeleaji

Sista, umenifungua. Figo walipima damu wakasema ziko sawa, moyo sina shida, dawa situmii. Kukojoa lita mbili na nusu! Sijawahi kuwaza hata siku moja nakojoa kiasi gani. Nipimeje?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ukiamka kesho, mkojo wa kwanza mwaga, andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo chenye alama, mchana na usiku, hadi kesho kutwa saa ileile, na ule wa kuamkia siku hiyo uuhesabu. Siku hiyohiyo andika kila unachokunywa. Usijitie ushujaa ukanywa kuliko kawaida, tunataka kujua unavyoishi.

Jasho nalo lipime. Jipime uzito kabla ya kazi na baada ya kazi. Kilo moja iliyopotea ndani ya saa chache ni kama lita moja ya maji, mafuta hayatoki haraka hivyo.

Kifua Chuma

Yote hayo ya nini wakati 71 × 35 ipo?

Mchomeleaji

Nimerudi, majibu ninayo.

Nilichukua chupa kubwa ya maji ya lita moja na nusu, nikajaza maji robo lita robo lita na kila nikijaza naweka mstari kwa maka peni. Mke wangu akauliza hiyo ya nini, nikamwambia ya utafiti. Akaitoa nje ya nyumba, nami nikaifuata.

Uzito nimepimia kwa jirani yangu anayenunua vyuma chakavu. Ana mzani wa kidijitali unaosoma hadi gramu 100. Nimepanda na bukta tu, kijana wake akapiga kelele, "Huyu kilo shilingi ngapi?"

Saa moja na nusu asubuhi, baada ya chai, nilikuwa 71.4. Saa tano na nusu, nimejifuta jasho, bukta ileile, kabla ya kula: 70.8. Katikati hapo nilikunywa maji mililita 800 na kukojoa 200. Kwa hiyo uzito uliopotea 600, jumlisha niliyokunywa 800, toa mkojo 200: lita 1.2 zimeondoka kwa jasho na pumzi ndani ya saa nne. Na siku hiyo kulikuwa na wingu!

Siku nzima nimekunywa maji lita 1.8, chai vikombe viwili vikubwa kama nusu lita, soda moja. Jumla lita 2.6.

Mkojo wa saa 24: lita 0.9. Wa asubuhi una rangi ya chai ya tangawizi isiyotiwa maziwa.

Kaka Kifua Chuma, naomba uje hapa. Hesabu yako inanipa lita 2.5. Mimi nimekunywa 2.6, yaani nimekuzidi, na bado nimekojoa lita 0.9. Kwa maneno mengine hesabu yako ndiyo niliyokuwa naiishi miaka yote jiwe likijitengeneza.

Kiti cha Mbele

Kifua Chuma kawekwa kwenye mzani wa vyuma chakavu.

Kifua Chuma

Sawa mkuu, nimekubali nusu. Hiyo 35 ni ya mtu wa kivulini. Mimi nafanya mazoezi saa moja tu jioni, mchana nipo dukani na feni. Kwangu inafanya kazi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Na hapo amesema kweli. Kilo mara 30 au 35 ni pa kuanzia kwa mtu aliyetulia. Haijui kama unachomelea juani au unauza vocha kibandani. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa watu zaidi ya 5,600 kutoka nchi 23, walipimwa maji yanayoingia na kutoka mwilini. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa sana: joto, unyevu wa hewa, kazi ya mikono, ukubwa wa mwili, umri, ujauzito. Ukimpa namba moja mvuvi wa Kilwa na karani wa ofisi yenye kiyoyozi, mmoja wao lazima umkosee.

Mkuu, kwa hesabu yako: mkojo 0.9, tunataka 2.5, pengo ni lita 1.6. Ukiongeza juu ya 2.6 unapata lita 4.2 siku ya kazi. Maji mengi zaidi hayataongeza jasho, yatapita kwenye mkojo, ndiyo tunachotaka. Jumapili ukiwa umekaa nyumbani jasho halipo, utahitaji pungufu sana. Pima na Jumapili.

Na wanaosoma kimyakimya: 4.2 ni ya KWAKE, mwenye jiwe na moto wa kuchomelea. Asiye na jiwe hahitaji kukojoa lita 2.5. Mkojo ukiwa rangi ya njano hafifu na unaenda chooni kila baada ya saa tatu nne hivi, unaendelea vizuri. Rangi nayo ina hila zake: vidonge vya vitamini B vinaufanya njano ya kung'aa, rifampisini, dawa ya TB, inaufanya wa chungwa. Msije mkakimbia.

Mchomeleaji

Lita 4.2! Basi mchana nitaendelea kama kawaida, usiku nikifika nyumbani nafidia ile lita 1.6 kwa mkupuo, naoga, nalala.

Mbio za Moshi

Mkuu SIMAMA HAPO HAPO.

Mimi nakimbia Kilimanjaro Marathon karibu kila mwaka. Watu wanadhani maji hayana madhara. Figo zenye afya zinaweza kutoa hadi kama lita moja kwa saa, ikizidi sana hapo maji yanabaki mwilini na chumvi ya damu, sodiamu, inapungua nguvu kama mchuzi ulioongezwa maji. Kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, ikizidi ni degedege na kifo. Boston Marathon ya mwaka 2002 waliwapima damu wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza mbio WAKIWA WAZITO kuliko walivyoanza. Yaani mtu kakimbia kilomita 42 na kanenepa, kwa maji!

Mzani wa jirani yako utumie kwa hilo pia. Jioni ukijikuta mzito kuliko asubuhi, umepitiliza.

Niko Maskati

Nakazia. Mimi niko Oman, ujenzi, mwaka wa sita. Hapa kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Hata hivyo saa nne asubuhi chuma hakishikiki bila glavu.

Msimamizi wetu wa usalama alitufundisha kikombe kimoja, kama robo lita, kila baada ya dakika 15 hadi 20, na usizidi kama lita 1.4 kwa saa. Nilikuja kuona baadaye kwamba ni maelekezo ya NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani. Kidogokidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasubiri kiu, nakunywa chupa mbili kwa pumzi moja, tumbo linajaa, natapika palepale kwenye mchanga. Kiu ukiwa kazini kwenye joto kali inachelewa kufika, ni kama fundi wa cherehani.

Na chumvi: tunakula milo yetu, tunapata chumvi ya kutosha. Ukishinda saa nyingi unatiririka jasho bila kula ndipo maji matupu hayatoshi.

Bi Mkubwa wa Tandika

Mimi nina swali la kweli sasa. Mjukuu wangu ana miezi mitatu, joto hili la Dar mama yake ananikataza kumpa hata kijiko cha maji. Si anakauka mtoto?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Bibi, mkwe yuko sahihi. Miezi sita ya mwanzo ni ziwa tu, hata Dar, hata Januari. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji. Joto likizidi anyonye mara nyingi zaidi. Wa kupewa maji ni mama mwenyewe: anayenyonyesha huhitaji kama mililita 700 zaidi kwa siku. Mwekee jagi pembeni kila anapokaa kunyonyesha, utakuwa umemsaidia mjukuu.

Maji Hai Tanzania Nzima

Tunauza mashine ya maji ya alkalini, yanayeyusha mawe ya figo, kisukari na gesi. Njoo inbox.

Kiti cha Mbele

Wenye uzi tunapima mkojo kwa maka peni, wewe unaleta mashine. Ondoka.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Maji ya bombani yaliyochemshwa yanatosha. Tena kwa mawe, ndimu ya kukamulia kwenye maji ina maana kuliko hiyo mashine: sitrati yake inasaidia chembe zisigandane. Na punguzeni chumvi ya mezani.

Mtoto wa Mama

Mama yangu ana moyo uliopanuka. Hospitali wamempa kikomo lita moja na nusu kwa siku, vyote ndani, chai na uji. Kila mgeni anayekuja anamwambia "mama kunywa maji, maji ni uhai", na yeye aibu inamshika anakunywa. Wiki iliyopita miguu imevimba, usiku hapumui akilala chali. Tumerudi wodini. Naombeni mnaposambaza hizi hesabu huko kwenye magrupu ya WhatsApp muwakumbuke na watu kama mama.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana ndugu. Watu, isomeni hiyo mara mbili. Moyo uliochoka, figo zilizofeli, na baadhi ya magonjwa ya ini: kiasi anapanga daktari, na kila asubuhi mgonjwa apime uzito. Mpimie mama maji ya siku kwenye chupa moja asubuhi, kila anachokunywa kitoke humo. Mgeni akisema maji ni uhai, mwonyeshe chupa.

Dereva wa Usiku

Mnazungumzia kunywa, mimi naomba tuzungumzie kutoa. Naendesha basi Dar–Mwanza. Nikinywa lita tatu nasimama wapi? Abiria wakipiga kelele za kuchimba dawa, mmoja anataka, arobaini wanalalamika tunachelewa. Mimi ratiba yangu haina mkojo. Kwa hiyo nakunywa nusu lita tukiondoka na nyingine tukifika. Kichwa kikiniuma Singida nasema ni usingizi.

Binti wa Chaki

Kaka dereva, wewe unashuka unageukia kichaka. Mimi abiria wa kike nimevaa dera, kichaka chenyewe kimekatwa na taa za malori zinamulika. Nikijua nasafiri kesho, maji naacha leo jioni.

Na siyo safari tu. Shuleni kwetu walimu wanawake tupo kumi na nne, choo kimoja, kitasa kibovu, mpaka mwenzio akushikie mlango. Nimefundisha miaka saba nikinywa kikombe kimoja cha chai hadi saa nane. UTI nimeshaizoea kama ndugu. Nilivyosoma huu uzi nikacheka: jamani hesabu naijua, choo ndiyo sina.

Mchomeleaji

Dada Binti wa Chaki, umegusa nilipokwama. Nawapa mrejesho wa wiki mbili.

Lita 4.2 zimeingia. Nusu lita nikiamka. Karakana nina dumu la lita tano na kikombe cha bati cha nusu lita, kila baada ya saa moja nazima mashine, nakunywa robo lita au zaidi kidogo, hata kama kiu haijafika. Chai zangu mbili zipo palepale. Soda nimeacha siku za kazi, nimebadilisha na maji ya ndimu. Baada ya saa moja usiku napunguza, maana siku tatu za mwanzo niliamka mara nne, mke akasema bora jiwe.

Nimepima tena saa 24: siku ya kwanza 2.3, wiki iliyofuata 2.6. Rangi ni maji ya ndimu. Mzani wa jirani asubuhi 71.4, saa tano na nusu 71.2. Jioni sijawahi kuzidi asubuhi, Mbio za Moshi utulie.

Jumapili nimekaa nyumbani, nimekunywa lita 2.7 tu, mkojo umefika 2.5. Yaani siku moja na nyingine ninapishana lita moja na nusu, mtu yuleyule, kilo zilezile.

Mama yangu nimempigia kumwambia kiu peke yake haitoshi kwa kazi yangu. Kaniuliza, "Na ulikuwa unazima mashine ukisikia kiu?" Nikakumbuka nilikuwa namalizia dirisha kwanza. Nikanyamaza.

Shida ikaja hapo kwenye kutoa. Karakana haina choo. Tunatumia cha kulipia nyuma ya soko, shilingi 200. Zamani nilikuwa naenda mara moja, sasa mara tano, ni elfu moja kila siku ya Mungu. Kwa mwezi napita elfu ishirini na tano, za mkojo!

Nikamfuata mwenye choo. Mlango wake mmoja ulikuwa wa bati lililooza, watu wanashikilia kwa mkono kama kule kwa Binti wa Chaki. Tumekubaliana: nimemchomelea milango miwili ya chuma yenye komeo la ndani, mimi na vijana wangu tunaingia bure mwaka mzima.

Binti wa Chaki

Mkuu, komeo moja la hivyo na kulifunga ni bei gani? Niko Chang'ombe. Nitachangisha wenzangu kesho wakati wa chai.

Mchomeleaji

Dada, nitumie vipimo vya mlango. Upana, urefu, na kama fremu ni ya mbao au ya chuma.